Ufizi Husema Kabla ya Pua: Kumtambua Mbwa Mzima na Mbwa Anayeanza Kuugua

Maneno tunayoyasikia kuliko mengine yote kutoka kwa wenye mbwa, kuanzia Kondele ya Kisumu hadi Njoro ya Nakuru, ni haya: "Daktari, jana alikuwa mzima kabisa." Ukiuliza taratibu, unakuta jana hakuwa mzima. Siku tatu zilizopita alianza kubakiza ugali sahanini. Juzi hakulala mahali pake pa kawaida mlangoni, alijikunja nyuma ya tangi la maji. Mkojo wake ulikuwa umegeuka rangi, lakini nani hutazama mkojo wa mbwa?

Mbwa haonyeshi ugonjwa mapema. Atakutingishia mkia langoni akiwa na homa ya nyuzi 40, kwa sababu wewe ni mtu wake. Mkia basi si kipimo. Na pua pia si kipimo, ingawa watu wengi bado wanaitegemea.

Tuimalize habari ya pua kwanza. Pua ya mbwa hukauka akilala, akiota jua, au akikaa karibu na jiko la makaa katika baridi ya Julai ya Nakuru. Hulowa tena akijilamba. Mbwa mwenye homa ya kupe anaweza kuwa na pua baridi na mbichi huku damu yake ikiisha. Kinachofaa kutazamwa ni kinachotoka puani. Majimaji machache yaliyo meupe si neno. Makamasi mazito ya kijani au manjano, yakifuatana na matongo machoni na kikohozi, yanatutia hofu ya distempa, ugonjwa hatari wa virusi vya mbwa, hasa kwa mbwa asiye na chanjo. Na damu ikitoka puani bila mbwa kugongwa wala kupigana, hapa kwetu jambo la kwanza tunalofikiria ni ugonjwa wa kupe uitwao erlikia, ambao hudhoofisha uwezo wa damu kuganda. Watu humpa maji baridi na kungoja. Usingoje.

Kipimo tunachokiamini ni ufizi. Simama ubavuni mwa mbwa, si mbele ya uso wake, umwinue mdomo wa juu kwa kidole gumba mpaka uone nyama iliyo juu ya chonge. Kwa mbwa mzima ina rangi ya waridi na inateleza kwa mate. Ibonyeze kwa ncha ya kidole mpaka pawe peupe, kisha achia. Waridi irudi kabla hujamaliza kuhesabu sekunde 2. Ikichelewa, damu haizunguki inavyopaswa: huenda maji mwilini yamepungua sana, au moyo unalemewa, au anavuja damu ndani. Ufizi unaonatanata ukiugusa ni dalili ya upungufu wa maji, na kwa jambo hilo tunauamini kuliko kile kipimo cha kuvuta ngozi ya shingo, kwa kuwa ngozi ya mbwa mzee au aliyekonda hurudi polepole hata akiwa mzima.

Rangi zenyewe zinasema mengi. Ufizi mweupe kama karatasi ni upungufu wa damu. Sababu zake kubwa huku kwetu ni kupe, minyoo ya safura kwa watoto wa mbwa, na kuvuja damu ndani baada ya kugongwa na pikipiki au kula sumu ya panya. Manjano inaelekeza kwenye ini, au kwenye chembe nyekundu za damu zinazopasuliwa na babesia, vimelea vinavyoletwa na kupe. Wekundu wa tofali, mbwa akiwa anahema na kuyumba, ni mwili uliopata joto kupita kiasi. Zambarau au bluu ni hewa isiyofika. Huyo anaondoka nyumbani dakika hiyo hiyo.

Mbwa wengine, hasa wa kienyeji, wana fizi nyeusi au zenye mabaka. Hao vuta kope ya chini ya jicho utazame ndani yake. Na hapa ndipo penye funzo kubwa kuliko yote katika kazi hii: huwezi kujua rangi imebadilika kama hukuijua kabla. Mwangalie mbwa wako akiwa mzima, mara moja kwa wiki, dakika kumi, siku na saa ile ile, kwa mfano Jumapili jioni kabla ya chakula. Mwenye mbwa aliyezoea kufanya hivyo hutupigia simu siku ya kwanza ya ugonjwa. Asiyezoea hupiga siku ya nne, na kwa parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuhara damu, au babesia siku tatu hizo ndizo uhai wenyewe.

Katika dakika hizo kumi, hesabu pumzi. Ngoja alale. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, uzidishe mara 2. Mbwa mzima aliyepumzika hupumua mara 10 hadi 30 kwa dakika. Akizidi 30 akiwa usingizini, rudia baada ya saa moja. Ikibaki hivyo, moyo au mapafu yanataka kuchunguzwa. Kuhema kwa ulimi nje saa nane mchana Kisumu hakuhesabiwi, maana mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Lakini kuhema kule kule saa tisa usiku, penye ubaridi, ni maumivu, homa au moyo.

Mapigo ya moyo yapime ndani ya paja la nyuma, juu kabisa karibu na kinena. Weka vidole viwili bapa, usitumie kidole gumba kwa sababu kina mapigo yake. Mbwa mkubwa aliyetulia hupiga 60 hadi 100 kwa dakika, mdogo wa umbo hufika 140, na watoto wa mbwa huzidi hapo. Usishtuke ukihisi mapigo yakienda mbio anapovuta pumzi na kupunguza kasi anapoitoa. Kwa mbwa hiyo ni kawaida.

Joto la mwili ndilo linaloleta makosa mabaya. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Mtu hupima, huona 38.8, hulinganisha na la mwanawe, kisha humpa paracetamol mbwa asiye na homa hata kidogo. Paracetamol humharibu mbwa ini na damu. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa tumbo na kuzima figo. Dawa ya maumivu ya binadamu haiingii mdomoni mwa mbwa. Kipimajoto cha dijitali cha duka la dawa kinatosha: kipake mafuta ya kujipaka, inua mkia, ingiza sentimita 2 hivi kwenye njia ya haja kubwa, ukiegemeze ukutani mwa utumbo badala ya kukichomeka katikati ya kinyesi, ungoje mlio. Kiandike jina ili kisirudi kabatini kwa watoto. Juu ya 39.5 kwa mbwa aliyetulia ni homa. Ikifika 41, au ikishuka chini ya 37.5, ni hatari ya sasa hivi. Mbwa jike mwenye mimba iliyokomaa ni tofauti: joto lake hushuka kwa nyuzi moja hivi siku moja kabla ya kuzaa, na hilo ni jema kulijua ili umtandikie.

Baada ya namba, mikono. Manyoya mengi huficha ukonde, kwa hiyo usitegemee macho. Kunja ngumi upitishe kidole juu ya vifundo: mbavu za mbwa zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha mkono upitishe kidole mgongoni mwa kiganja: hivyo ndivyo mbavu za mbwa mzima zinavyopaswa kuwa, unazihisi bila kubonyeza. Geuza kiganja uguse ile nyama ya chini ya kidole gumba: zikiwa hivyo, amenenepa kupita kiasi, kama walivyo mbwa wengi wa nyumba zenye bucha jirani. Uzito nao upime kwa mizani ya bafuni: panda na mbwa mikononi, kisha panda peke yako, utoe. Mbwa wa kilo 20 akipoteza kilo 2 bila wewe kumpunguzia chakula, tayari kuna ugonjwa, hata kama bado anakimbiza paka.

Papasa tezi chini ya taya, mbele ya bega na nyuma ya goti. Kwa mbwa mzima ni ndogo, na baadhi hutazipata kabisa. Zikiwa kubwa kama ndimu pande zote mbili, tunafikiria ugonjwa wa kupe, saratani ya tezi, au nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, kwa mbwa anayeishi penye mbung'o hao.

Kupe wanahitaji kuzungumzwa kwa urefu, maana hakuna kinachoua mbwa wazima hapa kwetu kama magonjwa yao. Kupe wa kahawia wa mbwa humnyonya mbwa katika hatua zake zote tatu, lakini kila baada ya kushiba huanguka na kwenda kujificha kwenye nyufa za ukuta wa kibanda, chini ya mabati na ndani ya magunia ya kulalia. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Ukimwogesha mbwa dawa na kukiacha kibanda, baada ya wiki chache uko pale pale. Kibanda kinyunyiziwe, nyufa zizibwe, magunia yachomwe. Kupe watafute ndani ya masikio, katikati ya vidole, makwapani, kinenani na chini ya mkia. Umng'oe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja bila kumsokota. Mafuta ya taa na njiti ya kiberiti humfanya kupe atapike ndani ya mbwa kile unachojaribu kukizuia.

Babesia huja kwa kasi. Leo amezubaa, kesho ufizi umepauka, keshokutwa mkojo una rangi ya kahawa isiyo na maziwa. Ukiona mkojo wa namna hiyo, usisubiri kuche. Erlikia ni ya polepole: kukonda, homa zinazokuja na kwenda, madoa madogo mekundu kwenye ngozi ya tumbo, damu puani. Mbwa wa kienyeji aliyekulia kati ya kupe mara nyingi huvumilia. Mtoto wa German Shepherd au Rottweiler aliyenunuliwa mahali pasipo na kupe akaletwa Ahero au Bungoma hana kinga hiyo.

Kwa wakazi wa Lambwe na pande za Busia, tazameni pia macho. Mbung'o humwambukiza mbwa nagana, na dalili ambayo hata mtoto anaweza kuiona ni jicho lililoingia ukungu wa bluu au maziwa, pamoja na homa na uso uliovimba. Wengi hudhani mbwa amepigwa jiwe au ametemewa na nyoka. Macho mawili kuingia ukungu kwa pamoja si jiwe.

Dawa ya kupe yenyewe nayo inaua. Ile ya kuogeshea ng'ombe hununuliwa agroveti, ikamiminwa kwenye ndoo kwa kukadiria na kifuniko. Pima kwa bomba la sindano kulingana na karatasi ya maelezo, na kama karatasi haimtaji mbwa, isimguse mbwa. Mate yanayochuruzika, kutetemeka, mboni zilizojibana au usingizi mzito baada ya kuoga ni sumu: mwoshe kwa maji mengi na sabuni ya kawaida, umpeleke pamoja na chupa ya dawa. Sindano ya ng'ombe ya ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu, ni hivyo hivyo. Mbwa wa ukoo wa collie na baadhi ya German Shepherd hawaihimili, na hata mbwa wengine hupofuka au kufa kipimo kikizidi.

Miguu, kwa haraka. Magharibi yote, penye nyumba za udongo na vumbi, mbwa anayelamba nyayo bila kukoma mkague funza: kidoa cheusi katikati ya duara jeupe. Mbwa mwenye funza hukaa na watu wenye funza, basi tibuni wote na mnyunyizie sakafu. Sikio lenye harufu na uchafu kama chicha za kahawa lina utitiri au ukungu. Ncha za masikio zenye vidonda vya nzi zioshwe na zipakwe dawa kila siku kabla funza wa nzi hawajaingia.

Sahani inasema mengi pia. Mbwa mzima akikosa hamu mara moja, mwache. Akikataa chakula siku nzima, mchunguze. Mtoto wa mbwa akikataa nusu siku, usilale. Kwetu mbwa wengi wanakula ugali na omena, na wa Kisumu wanapata mgongo wazi wa mbuta. Mbwa anayejikuna mdomo kwa mguu, anayemezameza na kutoa mate baada ya mgongo wazi huenda ana mwiba. Uchemshe hadi mifupa ivurugike, au umnyime. Na mahindi yenye ukungu yasiwe ya mbwa kwa sababu binadamu hayataki. Aflatoksini, yaani sumu ya ukungu huo, huua ini la mbwa: kwanza hukataa kula na kutapika, kisha fizi na macho huwa manjano, mwisho kinyesi huwa cheusi kama lami. Mahindi hayo huua polepole, mfuko mzima ukiwa umeshaliwa, na wenye nyumba hudhani jirani amemwekea sumu. Ugomvi wa namna hiyo tumeusikia mara nyingi Bahati na Lanet, na mfuko wa posho ukiwa pale pale jikoni.

Maji nayo yapime. Mbwa mzima hunywa mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo wa kilo 20 hunywa lita moja na kidogo. Akifika lita 2 bila joto jipya wala chakula kikavu kipya, kuna figo, kuna kisukari, au, kwa jike asiyehasiwa, kuna usaha ndani ya kizazi. Huo hutokea wiki 4 hadi 8 baada ya kipindi chake cha kutaka dume kupita: anakunywa sana, anazubaa, tumbo linajaa, na huenda ukaona usaha chini ya mkia au usione kabisa. Usioonekana ndio mbaya zaidi. Damu inayodondoka sehemu za siri kwa miezi, na uvimbe kama koliflawa, kwa dume au jike anayezurura, ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Unatisha kwa macho lakini hupona kwa sindano za kila wiki akiletwa mapema.

Kinyesi cha mbwa mzima kina umbo na huokotwa bila kuacha alama. Punje kama za mchele karibu na mkia ni vipande vya tegu anayeletwa na viroboto, basi dawa ya minyoo bila dawa ya viroboto ni pesa iliyotupwa. Watoto wa mbwa wapewe dawa ya minyoo kuanzia wiki 2, kila wiki 2 mpaka wafikishe wiki 12, maana minyoo huwafikia tumboni na katika maziwa ya mama. Wakubwa kila miezi 3.

Kuhara damu yenye harufu inayokaa puani, pamoja na kutapika, kwa mtoto wa wiki 6 hadi miezi 6, ni parvo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sukari na chumvi kwa kijiko hazitoshi kwa anayetapika. Anahitaji maji ya mshipani siku hiyo hiyo. Virusi hivyo hudumu udongoni kwa miezi mingi, kwa hiyo usilete mtoto mwingine katika ua ule kabla hajamaliza chanjo. Sakafu ya saruji ioshwe kwa sabuni kwanza, kisha blichi kipimo 1 kwa maji 30, iachwe dakika kumi. Chanjo za kwanza huanza wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki 16. Walio wengi huishia ya kwanza, na hao ndio wanaojaza kliniki zetu.

Kuna dalili moja ambayo hatutaki uichunguze kwa mkono. Mbwa ambaye taya imelegea, mate yanatiririka, hawezi kumeza, na sauti ya kubweka imebadilika, anaonekana kama aliyekwamwa na mfupa. Usitie mkono mdomoni. Kichaa cha mbwa huja hivyo pia, kwa upole na kupooza, bila ule ukali watu wanaoutarajia. Mbwa mkali aliyegeuka mpole ghafla, au mpole aliyegeuka mkali, ahesabiwe katika kundi hilo. Mfungie, piga simu kwa daktari wa mifugo wa kaunti. Mtu aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo, hata kama alama ni ndogo kama ya msumari. Chanjo ya kichaa hutolewa mbwa akiwa na miezi 3 na kurudiwa kila mwaka. Kaunti huitoa bure wakati wa kampeni, aghalabu karibu na tarehe 28 Septemba. Mpeleke hata kama wa kwako hatoki langoni, kwa sababu wa jirani hutoka.

Ukipiga simu, anza na namba: umri, uzito, joto, pumzi kwa dakika, rangi ya ufizi, chakula cha mwisho kilikuwa lini, na dawa gani umekwisha kumpa, hata ile unayoona haya kuitaja. Hakikisha anayekuja amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mwenye cheti hakasiriki ukimwomba akuonyeshe. Beba kinyesi kibichi kwenye kikopo safi na picha ya matapishi simuni. Mbwa asiyeweza kusimama mlaze kwenye gunia watu wawili walishike pembe, mgongo ukiwa umenyooka. Kama ana maumivu, mfunge mdomo kwa kitambaa, kwa sababu hata mbwa wako mwenyewe atakuuma. Ila asiyepumua vizuri au anayetapika usimfunge kamwe. Na njiani, kila baada ya dakika tano, inua mdomo uangalie ufizi tena, umwambie daktari kama umebadilika.